Karatasi Mlangoni pa Banda

Fermín, nitakuwa Castro siku tisa,
kumi wakichelewa kunitoa nyuzi.
Kisu ni cha daktari, hofu ni yangu.
Wewe niangalizie farasi.

Chascona hana adabu mbele ya tofaa.
Atapitisha shingo juu ya ua
akunuse mifuko kama askari wa forodha.
Mpe mawili, asubuhi, yaliyokatwa vipande:
zima huweza kumkwama kooni.
Yaliyoanguka yaokote kabla hujanywa chai.
Mvua ya huku haikatiki, yanachacha palepale,
na tumbo la farasi ni njia ya kwenda tu.
Kilichoingia hakitapikwi.

Murta za kichaka cha nyuma, mwache ale.
Beri nyeusi za kwenye miiba, mwache pia.
Anazichuma kwa midomo, taratibu,
kama shangazi yako Rosalba akichambua dengu,
kisha anarudi na ndevu za zambarau.
Usimpanguse. Anajipenda hivyo.

Ila mcheri.

Utaona upande ule ua umezidi kimo,
mbao tatu juu ya zilizokuwapo.
Usiulize majirani. Nitakwambia mimi,
hapa, ambapo sioni uso wako.

Jikoni kulikuwa giza. Nilimwambia Belarmino,
kata lile tawi, nimechoka kumenya viazi kwa kupapasa.
Akalikata Jumamosi. Likaangukia malishoni.
Tukaenda Quemchi harusini, tukalala huko.
Jani bichi la mcheri lina ubaya wake,
lakini likinyauka, Fermín, likilegea,
likawa kama kitu kisichoweza tena kumdhuru mtu,
hapo ndipo linapoua.
Tulimkuta Tordilla, mama wa huyu, amelala ubavu,
ufizi mwekundu kama wa mtoto aliyekula peremende,
na tawi tupu, limechambuliwa vizuri.
Chascona alikuwa na miezi mitatu,
bado akipenda maziwa kuliko majani.
Alikuwa anatafuta titi.

Belarmino alisema: ni matofaa haya.
Akachukua shoka, akaumaliza mtofaa wa baba yake,
ule wa karibu na kisima,
mchana mmoja, mvuani, bila kofia.
Mimi nilisimama dirishani.
Niliona kila kitu. Mwanga ulikuwa mzuri.

Daktari wa mifugo alifika kutoka Ancud Jumatano,
akainua tawi, akaliangalia, akaniambia mimi.
Belarmino alikuwa amekwenda kuazima trekta ya kufukia.
Aliporudi nilimwambia: daktari anasema tumbo.
Miaka kumi na minne aliishi na tumbo hilo.
Amezikwa nalo.

Utataka kujua kwa nini mcheri bado umesimama.
Kuukata ni kuyamwaga majani yote kwa siku moja.
Na cheri zake ni tamu. Sitadanganya na hilo.

Kwa hiyo upepo ukivuma usiku, amka.
Chukua tochi, uzunguke ua.
Jani likivukia ng'ambo, okota.
Najua jani moja haliui farasi.
Okota.

Kile kisiki cha kisimani
kimetoa machipukizi sita, yamekupita kimo.
Mwaka huu yamezaa: matofaa madogo, machachu,
yenye madoa. Sijayagusa.
Yale mawili ya asubuhi, yachume pale.
Mkatie vipande.
Simama naye mpaka amalize.